Mashati mawili ya kiume, gauni moja: mwongozo wa mradi wako wa kwanza wa mitumba

Kila muhula wa pili, mlango wa chumba changu cha kushonea hugongwa na wanafunzi wa ubunifu wa mavazi wenye maswali yaleyale. Wamepewa mradi wa mitindo endelevu, wameambiwa watumie nguo kuukuu, na wana wiki sita. "Dada, nianze kuchora au nianze kununua?" "Dada, mbona gauni limejivuta upande mmoja?" "Dada, mwalimu kasema hii ni kazi ya fundi wa mtaani, siyo ubunifu." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaandika yote hapa. Ukija kugonga tena, nitakuuliza kwanza kama umesoma.

Tutafanya kazi moja tu: gauni la vifungo mbele, linalofika gotini, kutokana na mashati mawili makubwa ya kiume na kanga moja iliyochakaa. Nimelichagua shati la kiume kwa sababu karibu kila kitu kinachomtisha mwanafunzi kimo ndani yake na kimeshashonwa kiwandani: kola, ukanda wa vifungo, matundu, kafu (ule mkanda wa mwisho wa mkono wenye kifungo). Wewe unavihamisha tu.

Neno moja kabla hatujaanza, na hili ndilo wengi hawapendi kulisikia. Usinunue nguo nzuri. Shati safi, lisilo na doa, linalomkaa mtu vizuri, lina mvaaji wake tayari pale sokoni. Ukilikata hujaokoa chochote, umemnyang'anya mtu shati. Nguo ya kuokoa ni ile iliyobaki. Belo la kilo 45 likifunguliwa, wateja wa mwanzo huchukua za juu, wanaofuata huchambua, na mwisho linabaki rundo ambalo muuzaji anaona hata aibu kulipigia kelele. Wauza mitumba wa Gikomba, Nairobi, wana majina kabisa: za kwanza ni kamera, za mwisho ni fagia. Wewe ni mteja wa fagia.

Mahitaji

- Mashati mawili ya kiume, saizi XL au kubwa zaidi, pamba tupu au karibu na hapo. Moja tutaliita A (sehemu ya juu), jingine B (sketi).
- Kanga moja ya pamba iliyochakaa. Usinunue; uliza nyumbani.
- Cherehani. Ile nyeusi ya kukanyaga kwa mguu inatosha kabisa. Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisichanuke, si lazima.
- Sindano mpya za cherehani, namba 11 na namba 14.
- Wembe au kisu kidogo cha kufumulia, mkasi wa kitambaa, futi ya fundi, chaki, pini, uzi.
- Pateni ya kiwiliwili cha juu na ya mkono kwa vipimo vya atakayelivaa. Ile uliyochora darasani mwaka wa kwanza inafaa.
- Mzani wa jikoni. Ndiyo, wa kupimia unga.
- Simu ya kupigia picha na daftari.

Mchoro haumo kwenye orodha, na sijasahau.

Hatua kwa hatua

1. Andika swali, siyo kaulimbiu.

"Kuokoa dunia kwa mitindo" ni kaulimbiu. Haikuambii ukate wapi. Andika swali ambalo jibu lake linaweza kuwa hapana. Kwa mfano: je, mashati mawili yanaweza kutoa gauni la kuvaa ofisini bila kununua hata robo mita ya kitambaa kipya? Au: je, naweza kufanya mabaki ya mwisho yaenee kwenye kiganja changu? Swali moja linatosha. Litakusaidia katikati ya kazi, saa nne usiku, unaposhawishika kukimbilia duka la vitambaa.

2. Nenda sokoni na futi, jioni.

Asubuhi belo linapofunguliwa kuna msongamano na bei iko juu, na zile nguo za asubuhi hazikuhusu. Nenda alasiri muuzaji akiwa amechoka kukunja. Dar es Salaam ni Karume pale Ilala. Moshi ni Memorial. Mwanza ni Mlango Mmoja. Kila mji una pake.

Shati likague hivi. Liinue juu, litazame dhidi ya mwanga: sehemu inayopitisha mwanga kuliko nyingine imeisha, hasa kwenye viwiko na mgongoni chini ya shingo. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili, vuta kwa nguvu kiasi. Kikilia na kuachia nyuzi, rudisha. Kola iliyochanika kwenye mkunjo isikutishe, tutaigeuza. Doa la kwapani nalo lisikutishe, kwa sababu sehemu kubwa ya kwapa inakatwa. Doa la katikati ya mgongo ndilo la kufikiria mara mbili. Pima kifua kizima kwa kuzunguka: unataka inchi 48 au zaidi. Kisha hesabu vifungo na matundu yake.

Kuhusu pamba: lebo nyingi zimekatwa au zimefutika. Nunua kwanza, ukifika nyumbani chomoa nyuzi chache kwenye akiba ya mshono, yaani ukingo wa ziada ulio ndani, zishike kwa koleo juu ya sufuria na uziwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kipunje cheusi kigumu. Ukipata vyote viwili, ni mchanganyiko. Unashoneka, ila pasi isiwe kali sana.

Kosa la hapa: kununua mashati sita "ili niwe na uchaguzi". Manne yataishia chini ya kitanda na mradi wako utakuwa umeongeza rundo badala ya kulipunguza.

3. Fua, kausha, pima uzito.

Fua kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, hata kama linaonekana safi. Kama shati bado litasinyaa, lisinyae sasa, siyo baada ya kulishona na jingine. Lenye rangi nzito lijaribu: lowesha kitambaa cheupe, sugua upande wa ndani. Kikipata rangi, fua tena peke yake, na tena, mpaka kiache. Kuloweka kwenye chumvi hakutalizuia, hiyo ni imani ya nyumbani tu.

Likikauka kabisa, liweke kwenye mzani. Andika: A gramu kadhaa, B gramu kadhaa. Namba hizi mbili ni za thamani kuliko kurasa tatu za nadharia, utaona mwishoni.

4. Piga picha kabla ya kugusa.

Mbele, nyuma, ndani, kila doa na kila tundu. Wanafunzi wengi hunijia na gauni zuri, na hawana hata picha moja ya shati lilivyokuwa. Mtahini anaona gauni la pamba la mistari, basi. Hana sababu ya kukuamini.

5. Fumua.

Hapa tenga siku nzima, na redio. Mimi shati moja hunichukua saa mbili. Mara ya kwanza lilinichukua saa sita na kidole kimoja.

Si kila mshono unafumuliwa. Mishono ya ubavuni ya shati zuri imekunjwa ikalazwa, ikapigwa nyuzi mbili zinazoonekana kwa nje. Ukianza kuifumua kwa wembe utazeeka. Itazame kwanza upande wa ndani. Ukiona uzi umepangika kama mnyororo, una bahati: tafuta mwisho sahihi, kata pingili moja, vuta, na mshono mzima utafunguka kama unavyofungua kiroba cha sukari. Ukivuta ukakataa, umeshika mwisho usio wake. Nenda upande wa pili. Ukiona uzi ni wa kawaida pande zote mbili, acha kufumua, kata pembeni mwa mshono. Utapoteza nusu inchi na kuokoa mchana mzima.

Kwenye shati A fumua mikono na kola tu. Usiguse ukanda wa vifungo wala kipande cha mabegani. Kwenye shati B fumua mikono, kafu na mfuko wa kifuani; mwili wake uache mzima kwa sasa.

Wembe: ukatie uzi, usiusukume. Mtu akisukuma wembe kwenye mshono mgumu huishia kupasua kitambaa urefu wa kidole, na mpasuko huwa mahali pasipofichika. Kata uzi mmoja kila baada ya mishono minne au mitano upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili.

Kila kipande kiandikie kwa chaki upande wa ndani: kimetoka wapi, na mshale unaoonyesha nyuzi za kitambaa zinakwenda wapi, yaani upande uliokuwa wima shati lilipovaliwa. Mshale huu ndio wanaousahau. Kipande cha mkono kikishafunguliwa na kukatwa mstatili hakikuambii tena kilikuwa kinasimama vipi.

6. Sasa chora.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya kinyume. Nilichora jaketi la jinzi la vivuli vitatu, kutoka bluu nzito mabegani hadi bluu ya maji kiunoni, mchoro ukasifiwa darasani. Nikazunguka Karume Jumamosi nne nikitafuta jinzi za vivuli vile. Sikuzipata. Mwisho nikanunua jinzi mpya Kariakoo, nikaichubua kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ionekane kuukuu, na nikauita mradi endelevu. Nilipata alama nzuri, ndiyo maana naona aibu mpaka leo.

Darasani tunafundishwa mchoro kwanza, kisha pateni, kisha kitambaa. Kwa nguo kuukuu mpangilio unageuka: kitambaa kimeshakuja na umbo, mishono, mifuko na madoa yake, na mchoro unakuja baada ya kukisikiliza. Vibanike vipande kwa pini kwenye sanamu ya kuvalishia nguo, au kwa mwenzako anayeweza kusimama dakika ishirini bila kulalamika. Jaribu angalau namna tatu na upige picha zote. Kafu imekaaje shingoni? Ukanda wa vifungo ukiwa mgongoni je? Picha za majaribio yaliyoshindwa usizifute, ndizo zinazoonyesha kwamba ulibuni.

Kwa mwongozo huu tunachukua namna rahisi: A inakuwa juu, B inakuwa sketi yenye mkunyo (mikunjo midogo inayovutwa kwa uzi) kiunoni, mikono ya B inakuwa rinda la chini.

7. Kata sehemu ya juu kutoka shati A.

Funga vifungo vyote. Lilaze shati mezani, linganisha ubavu na ubavu, lipige pini nyingi. Weka pateni ya mbele. Mstari wa katikati ya mbele wa pateni unakaa juu ya mstari unaopita katikati ya vifungo, siyo kwenye ukingo wa ukanda. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Ukiuweka ukingoni, kila upande unapoteza zaidi ya nusu inchi, na gauni linakuja dogo kwa zaidi ya inchi nzima kifuani halafu unashangaa.

Bega la shati la kiume litaning'inia. Fuata pateni yako, kata mkato mpya wa kwapa kwa ndani. Ubavuni ingia vilevile, na hapo ndipo doa la kwapa linapoondoka. Chini, kata inchi moja chini ya kiuno. Kabla ya kukata tazama kifungo cha karibu kiko wapi. Kikiangukia kwenye mstari wa mshono wa kiuno, sindano itavunjika hapo au kifungo kitakwama ndani ya unene. Sogeza mstari juu au chini nusu inchi.

Mikono mifupi kata kutoka mikono ya A kwa pateni ya mkono, ukitumia sehemu ya juu ya kiwiko. Usidhani kichwa cha mkono wa zamani kitaingia kwenye mkato mpya; hakiingii.

8. Kata sketi na rinda kutoka shati B.

Likiwa limefungwa vifungo, kata B moja kwa moja kwa mlalo chini kidogo ya makwapa. Umebaki na bomba lenye vifungo mbele, la inchi 48 hivi kuzunguka. Upindo wa chini wa shati umepinda, ubavuni ni mfupi kuliko mbele na nyuma. Unyooshe kwa kipimo cha ubavu. Vile vipande vya mwezi vinavyobaki vitunze.

Mikono ya B ifungue, ilaze, kila mmoja utoe vipande viwili virefu vya inchi 5 upana na inchi 18 hivi urefu. Pima yako, mikono haifanani. Mpasuko uliokuwa juu ya kafu uzibe kwa mshono mwembamba, utapotea kwenye mikunyo. Mgongo wa juu wa B, ule ulio juu ya mstari uliokata, hutoa mifuko miwili ya ubavuni. Mfuko wa kifuani ni wa kalamu, simu haiingii, kwa hiyo usijidanganye kuuhamishia nyongani.

Ukitaka gauni refu la kufika kwenye vifundo vya miguu, mashati mawili hayatoshi. Nunua la tatu, ongeza tabaka la pili la rinda, na uandike kwenye daftari kwamba ni matatu.

9. Kata utepe wa kanga.

Kanga iliyochakaa huwa imeisha katikati, kwenye mji. Karibu na pindo bado ina nguvu. Kunja pembe ili upate mshazari kamili, chora mistari ya inchi moja na robo, kata. Utepe wa mshazari unajipinda vizuri shingoni na makwapani. Uliokatwa wima utafanya mikunjo. Jina la kanga likiwa bado linasomeka, likate zima, na uliweke kwa ndani kiunoni, mahali anapoliona anayevaa peke yake. Bibi zetu hawakuwahi kutupa kanga: ilianza doti ya kutokea, ikawa ya jikoni, ikawa nepi, ikawa tambara. Hakuna aliyewapa alama.

10. Shona, kwa mpangilio huu.

Sindano namba 11 kwa shati jepesi, 14 kwa zito. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mwezi ulichotunza.

Anza na kola. Iliyochanika kwenye mkunjo igeuze: upande uliokuwa ndani unakuja nje, unairudisha kwenye shingo yake na kuishona palepale. Hii ni mbinu ya mafundi wa zamani, na kola hupata maisha ya pili. Kisha mbavu za A, kisha mikono. Mishono ya ndani izungushie utepe wa kanga kama huna ovaloki.

Kwenye sketi fungua inchi 7 za kila ubavu, shona mifuko. Halafu piga mistari miwili ya mishono mirefu kiunoni, robo inchi kati yake, usirudishe nyuma mwanzoni wala mwishoni. Inchi moja na nusu kila upande wa ukanda wa vifungo iache bila mkunyo, ili mbele ilale. Vuta nyuzi za chini, zote mbili pamoja, polepole, mpaka kiuno cha sketi kilingane na cha juu. Piga pini, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono, lijaribishe mwilini, ndipo upitishe mashine. Kuruka bandi ni kosa la watu wenye haraka. Mikunyo huhamia upande mmoja na vifungo vya juu havipangani na vya chini.

Mwisho rinda: unganisha vipande vinne, kunja upindo wa chini na ncha mbili za mbele, piga mistari ya mkunyo, shona chini ya sketi. Pasi baada ya kila mshono, siyo mwishoni tu.

11. Pima tena.

Liweke gauni kwenye mzani. Weka mabaki yanayoweza kutumika, kisha yale ya kutupa. Tuseme mashati yalikuwa gramu 520 kwa jumla, gauni limekuja gramu 430 zikiwemo gramu 30 za kanga, mabaki mazuri 80, ya kutupa 40. Hizo ndizo habari za mradi wako. Takriban kila potifolio, yaani mkusanyo wa kazi ya mwanafunzi, ninayoikagua huanza na lita za maji zinazotumika kutengeneza fulana moja, namba iliyonakiliwa bila aliyeinakili kujua ilipatikanaje. Gramu zako 40 umezipima mwenyewe, na mtahini hawezi kuzipinga.

Potifolio

Weka mpangilio huu: swali, picha za mashati, vipande vilivyofumuliwa, majaribio matatu, gauni, mizani. Maelezo mafupi.

Utaulizwa mitumba inatoka wapi na kwa nini iko hapa, kwa hiyo usiende mtupu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya AGOA, sheria yake ya kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru, kwa upande wa mavazi. Nchi nyingine zikalegeza. Ndiyo maana belo bado linafunguliwa Ilala, na ndiyo maana mradi wako unawezekana.

Ukihitaji wabunifu wa kuwataja, usikimbilie mbali. Bobby Kolade wa Kampala, mwenye lebo ya Buzigahill, hununua mitumba ya soko la Owino, huifumua, huiunda upya na kuirudisha kuuzwa katika nchi ilikotoka. Mkusanyo wake ameuita kwa Kiingereza jina lenye maana ya "rudisha kwa aliyetuma". Kabla yake, miaka ya 1990 mjini Paris, Lamine Kouyaté kutoka Mali, kwa lebo ya Xuly Bët, alikuwa akiunda nguo kutokana na nguo kuukuu na kuacha mishono ya uzi mwekundu ionekane waziwazi. Waangalie hao wawili kwa jambo moja: hawakuficha nguo ilikotoka.

Mambo yanapoharibika

Mashine inaruka mishono. Badilisha sindano kwanza. Kama bado, kitambaa kina wanga mwingi wa zamani kolani. Fua tena sehemu hiyo.

Kitambaa kinachanika kando ya mshono. Kimeisha, na mshono mfupi unakitoboa kama stempu. Fumua, refusha mshono, weka utepe wa kanga nyuma yake. Kama kinachanika popote unapogusa, shati hilo ulipaswa kulirudisha kwenye hatua ya 2.

Matundu ya uzi wa zamani yanaonekana. Lowesha, kwaruza kwa ukucha upande wa nyuma, piga pasi. Kwenye pamba hufunga mengi.

Mfuko umetoka, pamebaki mstatili wenye rangi nzito. Hapo palikingwa na jua miaka yote. Huwezi kupaondoa. Ama panazibwa, ama panaachwa na kuwa pambo, mimi huacha.

Mashati hayalingani rangi, nataka kuyapaka. Yapake katika sufuria moja, kwa pamoja. Rangi ya pamba haishiki poliesta, na uzi wa kiwandani mara nyingi ni poliesta, kwa hiyo mishono yote itabaki na rangi yake ya zamani. Kama hupendi, jaribu kipande kwanza.

Gauni linajivuta upande mmoja. Angalia mshale wako wa nyuzi kwenye vipande vya rinda. Karibu kila mara kipande kimoja kimelala na vingine vimesimama. Fumua rinda peke yake, usifumue kiuno.

Mwalimu anasema ni kazi ya fundi wa mtaani. Mwonyeshe majaribio matatu na sababu ya kuchagua moja. Ukikosa hayo, amesema kweli. Na ukimpata fundi wa mtaani anayegeuza kola, kaa naye mchana mmoja.

Nataka kuliuza. Toa lebo za kampuni zote, hata zile ndogo za kwenye vifungo, usiuze kwa jina la mtu mwingine. Mteja mwambie ni mashati mawili. Wengine hununua kwa sababu hiyo, wengine huondoka kwa sababu hiyohiyo.

Harufu ya belo haitoki. Loweka usiku kucha kwenye maji yenye kikombe cha siki, suuza, anika kivulini penye upepo siku mbili. Ikibaki, iko kwenye kitambaa kigumu kilichobandikwa ndani ya kola. Kifungue, kitoe, weka tabaka mbili za kanga badala yake.